Nilimuua Baba Jumanne Asubuhi

Nilimuua baba yangu siku ya Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, nikiwa kazini na vidole vimejaa unga wa plasta.

Sikumgusa. Saa hiyo yeye alikuwa nyumbani anatia mafuta cherehani ya jirani, maana hata baada ya kustaafu hajaacha kutengeneza cherehani za watu. Nilimuua kwa kubofya kitufe kimoja kwenye kompyuta, na nilipomaliza nikaenda kunywa chai.

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita, nakupa kwa kifupi ili twende pamoja. Mimi na mume wangu tumepoteza mimba mbili. Ya tatu ilipofikisha miezi minne, daktari wa kliniki aliniuliza kama upande wa baba yangu kuna ugonjwa wa damu. Nikabaki namtazama. Upande wa mama nawajua wote, mpaka wasiosalimiana. Upande wa baba ni baba peke yake. Alikuja nchi hii akiwa kijana, amevuka mipaka miwili, na bahasha yenye karatasi mbili: cheti cha kuzaliwa na barua ya kumaliza shule. Ukimuuliza habari za kwao anakujibu, “Waliisha,” kisha anauliza kama umekula.

Basi nikaichungulia bahasha yake bila ruhusa, nikanakili majina ya wazazi wake na kijiji chao, nikajiunga na tovuti moja ya kutafuta ukoo. Tuliachana mti wangu wa ukoo ukiwa na watu watatu tu: mimi, marehemu mama, na baba, na chini ya jina lake yale majina ya wazazi na kijiji.

Sasa sikiliza upumbavu wangu.

Tovuti ile haimwonyeshi mtu aliye hai. Inalifunika jina lake na kuandika “Yu hai” basi, na mgeni anayetafuta ukoo huohuo hawezi kumwona kabisa. Wanaoonekana ni wafu. Kwa hiyo nilikaa wiki tatu nikisubiri ndugu wa baba wajitokeze, na kumbe kwa dunia nzima baba yangu alikuwa kivuli.

Aliyenifungua macho ni mwenzangu kazini, tunayemwita Msasa. Kazi yetu ni kutengeneza meno ya bandia: mimi napanga meno kwenye nta, yeye anayang'arisha. Jina la Msasa alilipata kwa kazi hiyo, ila na ulimi wake umechangia.

“Unahangaika nini?” aliniambia. “Mweke marehemu.”

“Nani?”

“Mzee wako. Bofya hapo, weka tarehe ya kufa, atafunguka. Ukishapata unachotaka unamfufua.”

“Baba yangu huyo unamzungumzia.”

“Baba yako yuko nyumbani kwake ametulia. Hii ni kompyuta tu, dada.”

Nikaweka tarehe ya mwaka uliopita. Mahali alipofia, nikaandika mji wetu. Tovuti ikaniuliza kama nina uhakika. Nikasema ndiyo. Likatokea ua dogo jeupe na maneno, “Pole kwa msiba.”

Hata hilo ua halikunitisha. Nilikuwa na kiherehere cha mtu anayetaka shangazi.

Siku tisa baadaye nikampata. Ujumbe uliingia saa ya chakula cha mchana, umeandikwa kwa lugha ya kwao, tovuti ikanitafsiria palepale: “Mwanangu, pole. Baba yako alikuwa kaka yangu. Nimemtafuta miaka arobaini na sita. Kumbe alipata mtoto.”

Nililia mpaka kamasi zikatoka. Msasa akasogeza kando trei ya meno niliyokuwa nimeiinamia, akasema wateja hawajalipia chumvi.

Shangazi alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke wa mambo kamili. Alinieleza kwamba kaka yake aliondoka na rafiki yake kutafuta kazi, wote wakiwa na miaka ishirini na miwili, wasirudi wala kuandika. Halafu akauliza mambo matatu: aliugua nini, amezikwa wapi, na je, aliwahi kuwataja?

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema kweli. Naapa nilianza kuiandika. Lakini nikawaza kwamba nikimwambia baba yu hai atakasirika kwa mzaha huo, atanifungia, na mimi nitarudi kliniki mikono mitupu. Nikaona kwanza nipate jibu la daktari, kisha nitajieleza.

Nikamjibu: moyo. Makaburi ya manispaa. Na ndiyo, alikutaja sana.

Uongo huo wa tatu ndio unaoniuma hadi leo.

Shangazi akaniletea kurasa mbili za ukoo mzima, vizazi vitatu, na kila mmoja aliugua nini. Ugonjwa wa damu haukuwepo. Nikazichapisha, nikampelekea daktari, akazisoma na kuzitia kwenye faili langu. “Hii imenisaidia sana,” alisema. Nilitoka kliniki nimejaa furaha, namsalimia kila niliyekutana naye.

Furaha hiyo ilidumu siku mbili.

Siku ya tatu shangazi alituma picha. “Hii walipiga wiki waliyoondoka,” aliandika. “Wa kushoto ni baba yako. Wa kulia ni rafiki yake.”

Vijana wawili wamekaa kwenye benchi, wamekumbatiana mabegani, wanacheka vinywa wazi. Mimi si mtu wa kutazama macho ya watu, natazama vinywa. Wa kushoto alikuwa na taya ya chini iliyotangulia mbele na meno yaliyopangika vizuri, meno ambayo fundi hana la kufanya. Wa kulia alikuwa na chonge la juu, upande wa kushoto wa kinywa chake, limepanda nje ya mstari na kukaa juu ya jino la jirani.

Jino hilo nalijua.

Baba yangu nimemtengenezea meno mara tatu. Taya yake ya chini imerudi nyuma, kila mara inanisumbua. Na katika kinywa chake chote limebaki jino moja la kwake, chonge la juu kushoto, ambalo amekataa katakata ling'olewe. Limekaa vibaya, linatoka nje. Kila nikimtengenezea meno lazima nikate nafasi ya kulipitisha.

Nikaikuza picha mpaka ikajaza skrini. Nikachukua kutoka rafuni umbo la plasta la kinywa cha baba, nikaliweka kando yake, nikamwita Msasa bila kumwambia chochote.

Alitazama plasta, akatazama picha. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikosa neno la kuchoma.

“Huyu wa kulia ndiye mzee wako,” alisema.

“Shangazi anasema ni wa kushoto.”

“Basi huyo si shangazi yako.”

Nikajipa moyo kwamba bibi amechanganya kushoto na kulia, uzee huo. Nikamwandikia kumuuliza kwa upole. Jibu lilikuja kabla sijanawa mikono: “Mwanangu, nimlee kaka yangu mgongoni kisha nimsahau sura? Kwa nini umeuliza?”

Sikujibu. Akaandika tena: “Nitumie picha yake ya uzeeni.”

Sikutuma. Kesho yake: “Nasubiri picha.” Keshokutwa yake: “Mbona hutumi picha?” Siku ya nne hakuuliza tena. Aliandika, “Nimekata tiketi. Nafika Jumamosi ya wiki ijayo. Nataka kuweka mkono juu ya kaburi lake.”

Nilikuwa nimempelekea daktari ukoo wa watu wengine. Nilikuwa nimemwita mgeni shangazi na kumlilia. Hayo yote nilikuwa tayari kuyameza. Kilichonikosesha usingizi ni swali moja: kama baba yangu ni yule wa kulia, wa kushoto alikwenda wapi? Na ilikuwaje karatasi zake zikafika nyumbani kwetu?

Jumapili mchana nilimkuta baba sebuleni. Cherehani ilikuwa imefunguliwa chini, parafujo amezipanga kwenye kifuniko cha kopo kwa ukubwa, kama kawaida yake. Mtu huyu alinilea peke yake tangu nikiwa na miaka saba. Alinisuka nywele vibaya kila Jumatatu ya shule na hakuna siku aliyoniinulia mkono. Nilisimama mlangoni namwangalia, nikatamani niondoke bila kuuliza.

“Baba, ulipotoka kwenu ulitoka na nani?”

“Peke yangu.” Hakuinua kichwa.

Nikaweka simu mezani, picha ikiwa wazi. Aliitupia jicho mara moja, akaigeuza simu kifudifudi.

“Nani amekupa hii?”

“Dada wa huyo wa kushoto.”

Bisibisi ilimtoka mkononi, hakuiokota.

“Yuko hai?”

“Yuko hai. Ana miaka sabini na minne.”

“Anajua niko wapi?”

Hapo ikabidi nitapike yote: bahasha, tovuti, Msasa, kitufe, ua jeupe. Alinisikiliza bila kunikatiza hata kidogo, na hilo lilinitesa kuliko kama angefoka.

“Kwa hiyo umeniua,” alisema.

“Kwenye kompyuta tu, baba.”

“Nimekufa kwa nini?”

“Moyo.”

“Afadhali. Ningechukia kufa kwa kuhara.”

Kicheko kikanitoka, kile cha woga. Yeye hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu, kisha akaanza kusema, akiitazama ile cherehani.

“Tulikuwa wawili. Tulitembea kwa miguu siku kumi na moja. Mwenzangu alikuwa na karatasi, mimi sikuwa nazo, mimi sikumaliza shule. Mpaka wa kwanza tulipita porini. Kabla ya wa pili akashikwa na homa. Hakuna hospitali, hakuna mtu. Siku ya tatu alikata roho. Nilimzika kwa mikono hii, nikachukua bahasha yake, nikavuka kwa jina lake. Ndiyo hayo.”

“Jina hili ninalotumia mimi…”

“Ni lake. Na mtoto wako ukimpa jina la babu, litakuwa lake.”

Nilikaa kwenye sakafu karibu na miguu yake na kulia. Nilimlilia yeye, kijana wa miaka ishirini na miwili anayechimba kaburi peke yake. Nilimlilia na yule mwingine. Na nisikufiche, msomaji, nilipata nafuu kubwa. Nilikuwa nimejiandaa kusikia kitu kibaya zaidi. Homa haina mkosaji.

“Basi mwambie dada yake,” nilisema. “Ni mkunga, anajua homa. Ataelewa.”

“Mama,” alisema, maana hivyo ndivyo anavyoniita, “ukija kwa mtu ukamwambia, nimemzika kaka yako, kisha nikaishi kwa jina lake miaka arobaini na sita bila kukuandikia hata mstari mmoja, atakusikiliza mpaka wapi? Atakwenda polisi. Watanifukuza nchi kwa uzee huu. Nyumba hii iko kwa jina hilo. Ndoa yangu na mama yako iko kwa jina hilo.”

“Tufanyeje?”

Aliokota bisibisi.

“Umeshaniua. Niache hivyohivyo. Mtafutie kaburi moja umwonyeshe, aweke mkono, aende zake. Yeye atapumzika, na mimi nitapumzika.”

Na mimi, mwanamke mwenye akili timamu, niliyepata shule ambayo yeye hakuipata, nilisema sawa.

Jumatano, saa ya chakula, nilikwenda makaburi ya manispaa. Nilichagua kaburi lisilo na kibao, safu ya mwisho karibu na ukuta. Nikang'oa magugu kwa mikono, nikasawazisha udongo, nikamwomba radhi aliyelala pale, yeyote aliyekuwa. Tumbo lilikuwa linanivuta. Mtoto alicheza kwa mara ya kwanza nikiwa nimepiga magoti pale, nami sikupata hata muda wa kufurahi.

Mpango ulikuwa mwepesi. Alhamisi jioni mjomba wangu angekuja na gari kumchukua baba, akakae kwake mpaka mgeni aondoke. Mjomba tulimwambia tunapulizia dawa ya kunguni. Aliamini, na akatuomba tusimletee nguo kabla hazijafuliwa.

Alhamisi niliomba ruhusa, nikatoka kazini mapema nikamsaidie baba kufunga begi. Nilimkuta chumbani anakunja mashati. Nikapita sebuleni nikiondoa picha zake ukutani, moja baada ya nyingine, nazilaza kwenye droo. Ilipofika saa tisa mlango ukabishwa. Nikajua ni mjomba, amewahi kwa sababu yake ya kila siku, kukimbia foleni.

Nikafungua.

Alikuwa bibi mfupi, koti limefungwa vifungo vyote, viatu vina vumbi, mkononi ana begi dogo na bahasha kubwa. Alinitazama usoni, akanitazama tumboni, kisha akainua simu yake na kusema nayo kwa lugha ya kwao. Simu ikasema kwa lugha yetu, kwa sauti tulivu ya mwanamke, ile inayoweza kukusomea hali ya hewa:

“Ndege ya Jumamosi niliibadilisha. Mtoto anayekataa kutuma picha ya baba yake, nimeona nisimpe siku mbili zaidi.”

Anwani ya kwa baba, ninakopokelea barua, nilimpa mwenyewe, tulipokuwa bado tunapendana, ili anitumie nakala za vyeti.

Nilimkaribisha. Ningefanya nini? Aliketi kwenye kiti cha baba, akaiweka simu katikati ya meza ili itutafsirie, akaangalia ukutani. Misumari sita ilikuwa wazi, na chini ya kila msumari rangi ya ukuta ilikuwa mpya kuliko kwingine.

“Picha zimekwenda wapi?” simu iliuliza.

“Tunapaka rangi,” nilijibu. Simu ikamtafsiria.

Nilikuwa natafuta sababu ya kumtoa nje, nimwambie twende makaburini sasa hivi, kabla ya mvua, kabla ya chochote. Nilifungua kinywa. Nyuma yangu mlango wa chumbani ukalia.

“Mjomba wako amewahi leo,” baba alisema, akatokea na begi mkononi.

Akamwona.

Begi lilishuka taratibu mpaka likagusa sakafu. Bibi hakupiga kelele, hakusimama. Alimtazama kinywani, akatamka jina. Halikuwa jina la baba yangu ninalolijua, la kwenye cheti, la kwenye kitambulisho changu. Lilikuwa jina ambalo sijawahi kulisikia ndani ya nyumba ile.

Na baba akaitika.

Aliitika kwa lugha ambayo maisha yake yote alituambia ameisahau. Alisogea mpaka mbele ya kiti, akasimama pale mikono nyuma, mzee wa miaka sitini na minane.

Simu ikasema, “Ndiyo, dada.”

Bibi akasema maneno machache. Simu ikayatafsiri: “Kaka yangu alikufa lini?”

Nikamwangalia baba na kumtikisia kichwa kumpa moyo. Sema homa, baba. Sema siku ya tatu. Umeniambia mimi bila kukwama hata neno moja, mwambie na yeye hivyohivyo.

Alinitazama. Akaitazama simu pale mezani, taa yake ikiwaka, akajua inasikiliza. Nadhani alijua. Kisha akapiga magoti mbele ya yule bibi na kusema kitu kifupi, kwa sauti ya chini.

Simu ikatafuta maneno. Halafu ile sauti tulivu ikasema:

“Sijui, dada. Nilipochukua karatasi zake na kuondoka, alikuwa bado ananiita.”